Kabla ya kuisifu plastiki ya mkonge, tuulize itaozea wapi

Kila baada ya muda hutoka habari ya watafiti waliochanganya plastiki inayooza na pumba za mpunga, maganda ya kahawa, unga wa mbao au singa za mkonge. Habari hizo huandikwa kwa furaha, na furaha hiyo ina msingi, kwa sababu mimea ina kitu ambacho plastiki hizi zinakihitaji kweli. Hata hivyo nyingi huliruka swali linaloamua mengine yote: chombo hicho kikishatumika, kitaozea wapi, kwenye joto la kiasi gani, na baada ya muda gani? Kwa nchi zetu, ambako taka nyingi huishia shambani, mtaroni na baharini, asiyejibu swali hilo hajaiboresha plastiki inayooza. Amepunguza gharama ya kuitengeneza, basi.

Chukua PLA, plastiki inayooza inayotajwa kuliko zote. Hutengenezwa kwa asidi ya laktiki, ile inayoyapa maziwa mgando uchachu wake, na asidi hiyo hupatikana kwa kuchachusha sukari. Kiwanda cha NatureWorks kilichoko Blair, Nebraska, nchini Marekani, hutumia sukari ya mahindi. Kile cha TotalEnergies Corbion huko Rayong, Thailand, hutumia miwa. PLA ni angavu, ni ngumu, na hukubali mashine zilezile zinazofinyanga plastiki ya kawaida. Lakini ni ghali kuliko polithini. Tena haivutiki: ukiivuta hukatika kabla haijarefuka hata kwa asilimia 10, wakati mfuko wa polithini huvutika mara kadhaa ya urefu wake. Na ikifika nyuzijoto 60 hivi hulainika, ndiyo maana kikombe cha PLA ya kawaida hakihimili chai ya moto.

Kwenye hizo nyuzijoto 60 ndipo penye kiini cha mjadala wote. Chini ya joto hilo molekuli ndefu za PLA zimekaza, maji huzikata polepole mno, na vipande vidogo ambavyo bakteria na kuvu wangeweza kuvila havipatikani. Kwa sababu hiyo mitambo ya mboji ya Ulaya huiozesha kwenye nyuzijoto 58 hivi, pamoja na unyevu na hewa ya kutosha. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinadai kwamba baada ya wiki 12 kifungashio kiwe kimesambaratika kiasi kwamba asilimia 90 yake inapita kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita 2, na ndani ya miezi 6 asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka kaboni dayoksaidi. Ni kipimo cha haki kwa jiji lenye mtambo wa aina hiyo na magari ya kukusanya taka za chakula peke yake. Udongo wa Morogoro au Kisumu haufiki nyuzijoto 58. Kikombe cha PLA kikifukiwa huko hukaa miaka, kiwe kimechanganywa na pumba au hakikuchanganywa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, Imogen Napper na Richard Thompson, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo natamani kila mwandishi wa habari za sayansi alisome. Waliiacha mifuko ya aina tano hewani, udongoni na baharini kwa miaka mitatu. Mmoja uliouzwa kwa jina la mfuko unaooza, baada ya miaka hiyo mitatu udongoni na baharini, ulikuwa bado unaweza kubebea bidhaa za dukani. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, ilhali udongoni ulikuwapo bado baada ya miezi 27. Mfuko uleule, sehemu mbili, matokeo mawili. Kuoza si sifa ya kitu peke yake; ni sifa ya kitu pamoja na mahali kilipo.

Sasa tuvitazame vijazio vyenyewe, yaani hizo singa na unga wa mimea unaochanganywa na plastiki, maana vina uwezo wake na vina mipaka yake.

Kazi ya singa ndani ya plastiki ni ile ya fito kwenye nyumba ya udongo: udongo hushika, fito hubeba mzigo. Singa ya mkonge ina selulosi nyingi, na selulosi ni kitu kigumu kuvutika. Ukiichanganya na PLA kwa kiasi cha asilimia 20 au 30 ya uzito, kipande kinachopatikana hakipindi kirahisi, na gharama hushuka kwa sababu sehemu ya polima ghali, yaani plastiki yenyewe, imetolewa. Singa pia huisaidia PLA kujipanga vizuri inapopoa kutoka kwenye kuyeyuka, na PLA iliyojipanga vizuri huvumilia joto zaidi. Viwanda vya magari vya Ujerumani vimetumia singa za mkonge na kitani kwa miaka mingi kwenye paneli za ndani za milango, ingawa humo hakuna anayetaka mlango uoze.

Ila unga wa mmea hauponyi ule ubovu wa kukatika. Mara nyingi huuzidisha. Chembe ya pumba ndani ya PLA ni mahali ufa unapoweza kuanzia, na kadiri unavyozidisha unga ndivyo kipande kinavyovutika kidogo zaidi kabla ya kukatika. Anayekuahidi mfuko laini wa kubebea nyanya kwa kumimina unga wa maganda kwenye PLA anakuahidi kisichowezekana. Kwa kitu kinachotakiwa kukunjika, lazima uanze na polima laini: PBAT, ambayo hutokana na mafuta ya petroli na bado huliwa na vijidudu, au PBS, au baadhi ya zile za jamii ya PHA ambazo bakteria wenyewe huzihifadhi mwilini kama akiba ya chakula. Mfaransa Maurice Lemoigne alikwisha kuieleza moja ya hizo za PHA mwaka 1926. Bei ndiyo iliyozizuia hadi leo, na hapo ndipo kijazio cha bei nafuu kinapopata heshima yake.

Ugumu mwingine ni maji. Selulosi hupenda maji, polima hizi haziyapendi, na vitu viwili visivyopatana hivyo haviumani vizuri. Ukivunja kipande na kukitazama kwa hadubini utaona singa zimechomoka, zimeacha matundu, kuonyesha kuwa hazikushikwa. Maabara nyingi hulimaliza tatizo hilo kwa kuziloweka singa kwenye kaustiki soda, inayoondoa nta na sehemu ya lignini, ile gundi ya asili inayoushikanisha mmea, na kuacha uso unaokwaruza. Inafanya kazi. Lakini makala za kitaalamu hazisemi sana maji hayo machafu ya soda humwagwa wapi, na kwa kiwanda kitakachojengwa kando ya mto Pangani hilo ni swali la kwanza, si la mwisho. Napendelea njia ya kuweka kiunganishi kidogo ndani ya plastiki yenyewe, kama anhidridi ya maleiki, hata kama nguvu inayopatikana ni pungufu kidogo.

Maji huleta shida nyingine kabla hata ya kuchanganya. Singa iliyolala ghalani Tanga hubeba unyevu wa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. PLA, kwa upande wake, hutakiwa iwe na maji chini ya asilimia 0.025 inapoingia kwenye mashine ya kuyeyushia. Yakizidi hapo, maji na joto huikata minyororo yake, na plastiki inatoka dhaifu kabla haijatumika hata siku moja. Kwa hiyo singa zinataka kukaushwa kwa dhati, kwa nishati ya dhati. Na huwezi kuharakisha kwa kupandisha moto, kwa sababu mmea ukivuka nyuzijoto 200 hivi huanza kuungua, rangi ikawa kahawia na harufu ikabaki kwenye chombo. Skrubu za mashine nazo huzikatakata singa ndefu zikawa vumbi, ukabaki na unga uliolipia kwa bei ya singa.

Nimetaja bei, na hapa pana kosa la hesabu ninaloliona mara kwa mara. Watu husema mkonge ni malighafi rahisi kwa kuwa uko mwingi. Singa ndefu ya daraja la juu si rahisi hata kidogo: tani moja huuzwa nje kwa zaidi ya dola 1,000, bei inayokaribia au hata kuipita ya tani ya polithini ghafi. Kuisaga singa ya namna hiyo ili iwe kijazio ni hasara mtupu. Kinachofaa ni kile ambacho korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, inakitupa. Jani la mkonge linapopita kwenye korona, singa inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na matope ya kijani, na ndani yake singa fupi zilizoponyoka. Kwa miongo mingi matope hayo yalitiririka mitoni. Huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa biogesi ya kufulia umeme, na huo ni ushahidi kwamba mabaki haya yanaweza kukusanywa mahali pamoja. Singa fupi zinaweza kuchujwa kabla ya matope kuingia kwenye mtambo, na biogesi ikabaki palepale kukausha singa.

Nalitetea zao hili kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na 62 tu vikafika Tanga vikiwa hai. Kutoka hapo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikafikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kisha ikaporomoka hadi tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990. Usimamizi baada ya utaifishaji wa 1967 una sehemu yake katika anguko hilo, na kamba za polipropilini zilizoliteka soko la kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani zina sehemu kubwa. Mashamba ya Korogwe, Muheza na Kilosa yalipoteza kazi kwa plastiki. Yakipata kazi mpya kwa kuifanya plastiki iwe bora, litakuwa jambo la haki kwa familia zilizobaki kwenye kambi za mashamba hayo.

Si kila mabaki ya shamba yana hadhi hiyo. Mabua ya mahindi yana ng'ombe wanaoyasubiri, na udongo wenyewe unayahitaji. Pumba za mpunga huchomea matofali Mbeya na Mwea, halafu zina silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, inayokula skrubu za mashine. Wanga wa muhogo ni mzuri kwa plastiki laini, lakini hunywa maji, hukauka ukawa mgumu kwa kukaa, na ni chakula. Maganda ya muhogo yana mantiki zaidi. Usumba wa nazi ni habari nyingine kabisa. Una lignini ya asilimia 40 hivi, na lignini ndiyo sehemu ya mmea ambayo vijidudu hushindwa nayo kwa muda mrefu. Mafundi wa mwambao waliijua tabia hiyo zamani: makumbi yalifukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi, vikaoza vyote visivyotakiwa, ukabaki usumba ulioshonea mitepe, vyombo vya bahari vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mkonge una lignini kidogo sana ukilinganisha na usumba, kwa hiyo huoza upesi zaidi. Kumbe uchaguzi wa kijazio ni uchaguzi wa kasi ya kuoza. Ukitaka chombo kidumu mwaka mzima kwenye unyevu, usumba. Ukitaka kiondoke baada ya msimu, mkonge. Sijaona mjadala wa hapa kwetu unaolishughulikia hilo, ingawa ndipo ujuzi wetu wa mimea ungetupa faida juu ya maabara za mbali.

Kuna njia moja ambayo ningeipinga popote itakapopendekezwa: kuchanganya singa au wanga na polithini au polipropilini ya kawaida, kisha kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa ni ya asili na inaoza. Miaka ya 1970 mtafiti G. J. L. Griffin alichanganya wanga na polithini huko Uingereza, na kufikia miaka ya 1980 mifuko ya aina hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa sifa ya kuoza. Vijidudu vilikula punje za wanga vilizoweza kuzifikia; mfuko ukawa matundumatundu, ukasambaratika, na vipande vya polithini vikabaki vidogo kuliko unavyoweza kuvifagia. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2019 iliyoanza kutumika Julai 2021, ulipiga marufuku plastiki zinazotiwa kemikali za kuzivunjavunja kwa hewa na jua, kwa sababu hiyohiyo: kuvunjika si kuoza. Kwetu lebo za namna hii zina hatari ya ziada, kwa sababu tumekwisha kulipa gharama ya kuitoa mifuko barabarani. Rwanda ilianza 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa faini zinazofika shilingi milioni 4 za Kenya, na Tanzania Bara Juni 2019. Neno "inaoza" likikubaliwa bila kipimo, mifuko itarudi sokoni kupitia mlango huo.

Basi plastiki yenye kijazio cha mmea ianzie wapi? Jibu langu ni viriba vya miche.

Marufuku ya Tanzania ya 2019 iliacha nje vifungashio vya kilimo, na kwa sababu ya maana, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine kilicho tayari kwa bei ya mkulima. Matokeo yake kila msimu wa mvua miche ya misindano Mufindi, ya parachichi Njombe na ya mikorosho Mtwara huenda shambani ikiwa ndani ya viriba vyeusi vya polithini. Mpandaji akiwa makini hukichana, hukitupa pembeni ya shimo, na mvua ikishuka hukipeleka mtoni. Akiwa na haraka hupanda na kiriba chake, mizizi ikajizungusha ndani, na mti ukadumaa au ukaanguka baada ya miaka michache. Kenya ilitangaza mwishoni mwa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hata kama sehemu ndogo tu ya miche hiyo italelewa kwenye viriba, ni mabilioni ya vipande vya polithini vitakavyopelekwa msituni kwa mikono ya watu wanaotaka kuuokoa msitu.

Kiriba kina faida ambayo kikombe cha chai hakina: tunajua kitaishia wapi. Kitaishia udongoni, kwenye nyuzijoto kati ya 15 na 30, penye unyevu na kuvu. Hakuna haja ya gari la taka wala mtambo wa mboji. Na mahitaji yake yanaendana na vijazio: hakitakiwi kuwa angavu, hakitakiwi kuvutika sana, rangi ya kahawia haimuudhi mtu, na ugumu unaoletwa na singa hukisaidia kisimame wima kitaluni. Polima iwe ile inayooza udongoni bila joto la juu, na PLA ikitumika iwe kidogo. Kipimo cha kufuata kipo pia. Kiwango cha Ulaya EN 17033 cha mwaka 2018, kilichoandikwa kwa ajili ya plastiki za kutandazia mashamba, kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke kaboni dayoksaidi udongoni ndani ya miaka miwili, kwenye joto la kawaida la udongo. Hicho ndicho TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wangekitazama kwanza, badala ya EN 13432 iliyotungwa kwa ajili ya mitambo ambayo hatunayo.

Pingamizi zipo, na mbili nazichukulia kwa uzito. Kwanza, vifuko vya maganda ya mgomba tayari hutumika, havigharimu kitu na huoza bila shaka yoyote. Kwa mche wa miezi miwili unaopandwa jirani na kitalu ningesema vitumike hivyo, pasihitajike kiwanda. Kwa mche unaokaa kitaluni nusu mwaka, unamwagiwa maji kila siku, halafu unapakiwa kwenye lori, ganda la mgomba huachia njiani. Pili, makampuni makubwa ya misitu hutumia trei za plastiki ngumu zinazorudiwa miaka mingi, na hilo pia ni jibu zuri, ila lina gharama ya mwanzo ambayo kikundi cha akina mama chenye kitalu cha miche elfu chache hakiwezi kuibeba. Kiriba kinachooza ni cha hawa wa katikati, na ndio wengi.

Ugumu wa kweli uko kwenye muda. Kiriba lazima kikae imara kitaluni kwa miezi sita au zaidi, kitako chake kikiwa kwenye udongo uliolowa, halafu kianze kuoza haraka mara kinapofukiwa ili mizizi ipite. Singa za mmea zinavuta pande zote mbili hapo: huingiza maji ndani ya plastiki na kuharakisha kuoza, jambo tunalolitaka baada ya kupanda na tusilolitaka kabla. Kitako chenye usumba na ubavu wenye mkonge ni wazo mojawapo linalostahili kujaribiwa. Kukipandisha kiriba juu ya chanja kisiguse udongo ni jingine, na hilo linataka mbao tu.

Taasisi za kulifanya jaribio hilo tunazo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Muheza, kimeufanyia mkonge utafiti kwa muda mrefu. Taasisi za utafiti wa misitu nazo zipo, TAFORI ya Tanzania iko Morogoro na KEFRI ya Kenya iko Muguga, zote zikijua vitalu. Viriba vya mchanganyiko wa aina tatu au nne vifukiwe Lushoto kwenye ubaridi, Kilosa kwenye joto na unyevu, na Dodoma kwenye ukame, pamoja na viriba vya polithini vya kulinganishia. Vifukuliwe kila baada ya miezi mitatu, vipimwe uzito, udongo uchunguzwe kama umebaki na vipande vya plastiki, na miche ihesabiwe mingapi imepona. Sampuli zilezile zipimwe maabara kwa EN 17033, ili tujue kama kipimo cha maabara kinatabiri kinachotokea Dodoma ambako mvua huacha kunyesha kwa zaidi ya nusu mwaka. Jaribio hilo lichapishwe lote, hata pale viriba vitakapokataa kuoza.